Chumba Kisichoyumba

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi saa, mtu wa kutapika hata kwenye bembea. Melini alichagua chumba kwa akili: chini, katikati, bila dirisha, pasipoyumba.

Mchana yeye na mkewe walizima taa walale. Gizani ukuta ukaanza kutwangwa kutoka nyuma.

"Mume wangu, kuna mtu anauawa humo!"

Fundi akapanda kulalamika.

"Mzee wangu, nyuma ya ukuta huo ni tangi la mafuta, limejaa pomoni," alisema ofisa wa meli kwa adabu. "Malalamiko dhidi ya tangi hatupokei."

Aliporudi na kuwasha taa, mkewe alikuwa akiupiga ukuta kwa paji la uso, damu ikimchuruzika. Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu. Vishindo viliendelea ukutani, na kwa kila kishindo jeraha la mkewe lilizidi kupasuka.