Nafasi Isiyokuwa na Vumbi

Kila alasiri, msichana aliyebandikwa jina la Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia aliosha vyombo, akafagia sebule, kisha akakaa mbele ya kompyuta kuukuu ya nyumbani. Mtihani wa sayansi ulikuwa Ijumaa. Shule haikuwa na vifaa, kwa hiyo mwalimu alikuwa amewapa majaribio yote kwa video.

Jumatatu hiyo video ilianza kukwamakwama. Sauti ilikatika kama ya mtu mwenye kwikwi. Chiriku akamwita kaka yake, bingwa wa mashine pale nyumbani. Kaka alifunga programu nyingine zote, akapunguza ubora wa picha, akapuliza vumbi kwenye feni. Siku tatu mfululizo alikaa kando yake, na siku tatu video ikagoma.

"Mdogo wangu, mashine imezeeka," alimwambia mwishowe. "Tuiache tu."

Chiriku alimshukuru kwa moyo wote. Hata mama aliposema huenda yeye ndiye aliyeichosha kompyuta kwa kuiwasha kila siku, kaka alinyamaza, naye Chiriku akaamini kwamba kosa ni lake.

Alhamisi akaja shangazi, fundi wa kompyuta. Kaka alisema hakuna haja ya kumsumbua, lakini bisibisi ilikuwa mkononi mwa shangazi tayari, na kaka mwenyewe akapewa tochi ashike. Ndani ya kompyuta vumbi lilikuwa limelala kila mahali, isipokuwa kwenye nafasi moja nyembamba, safi, yenye alama za vidole pembeni.

"Hapa palikuwa na kadi ya memori, ile inayoipa mashine wepesi," shangazi alisema. "Zilikuwa mbili, nilizichomeka mimi. Kadi haina miguu. Nani ameitoa?"

Tochi ikashuka. Kaka alikiri kwamba Jumapili alimwazimisha rafiki yake kadi hiyo ili michezo yao ya kompyuta isikwame, akitumaini kuirudisha kabla ya mtu kujua.

Kadi haikumuuma Chiriku. Zilimuuma zile siku tatu.

"Ulikuwa unapuliza vumbi," alisema, "na huku unajua."

Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kaka alikimbia kwa rafiki yake kuifuata kadi, na kabla jua halijatua video ilikuwa inatiririka kama maji. Kaka akamwambia mama kwamba mtoto hana kosa, akaomba radhi. Chiriku aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuandika majaribio yake. Yeye ambaye hata usingizini huzungumza, hakutoa neno.

"Mbona bado amenuna?" kaka alimnong'oneza shangazi. "Si imepona?"

Shangazi aliendelea kukaza skrubu.

"Kompyuta ndiyo imepona, mwanangu. Hiyo ukiirudishia kadi, imekwisha. Mtu uliyemdanganya huku ukijifanya unamsaidia hana pa kuchomeka kadi. Utamrudishia imani yake kidogo kidogo, kwa kusema kweli kila siku. Na utangoja."