Mkono Begani kwa Waqas

Haya yalimkuta rafiki yangu Shakeel, mtengeneza video za harusi pale Gujrat, na ukimwambia ni uongo atakununia wiki nzima.

Dada yake Sumbal aliozwa kwa simu, maana bwana harusi, Waqas, alikuwa Dubai na amenyimwa likizo. Shakeel ndiye aliyemleta Waqas nyumbani kwao kuposa, kabla hajaenda Dubai. Walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Basi Waqas akajirekodi mbele ya shuka la kijani akitamka "nimekubali" mara tatu, ili Shakeel aifute ile rangi kwa kompyuta na kumketisha kando ya bibi harusi.

Mchana video ilipofika, kaka na dada walifunga mapazia wakaitazama. Kijani kilipofutika, begani kwa Waqas ulibaki mkono wa mwanamke. Kabla ya hapo haukuwapo.

"Kaka, huyo nani?" Sumbal akauliza.

Shakeel akapiga simu. "We Waqas, ulijirekodi na nani?"

"Peke yangu, shemeji! Huku tunalala wanaume tu."

Nyuma ya sauti yake bangili zililia. Shakeel akakata simu. Bangili zikaendelea kulia, mle mle gizani.

Kwenye video Waqas alitamka "nimekubali" ya tatu, na ule mkono ukageuka, ukafungua kiganja. Sumbal alitazama cha kwake: hina bado mbichi, jina la mume limefichwa katikati ya maua. Kiganja kile nacho kilikuwa na jina hilo hilo, ila hina yake ilishaanza kufifia.