Mashua Pana ya Uthman

Miaka hiyo petroli ilikuwa adimu Kampala, na sukari ilinunuliwa kwa kunong'ona. Boti za injini zililala ufukweni Port Bell, watu wakarudi kwenye matanga. Ilikuwa miaka ya hofu. Hata hivyo Mwanawetu huikumbuka kwa hamu, kwa sababu Uthman alikuwapo.

Uthman, mumewe, alikuwa na gereji mtaa wa Kisenyi. Binti yao Rahima aliolewa visiwa vya Sese, ziwani. Mwanawetu alimtembelea mara moja tu kwa mashua. Alitapika njia nzima, akaapa hatavuka tena. Kisha habari ikaja: Rahima ana mimba ya kwanza.

"Azae bila mama yake?" Mwanawetu alilia. "Nani atamkanda? Nani atampikia uji wa pilipili manga?"

Uthman alitafuta mbao, akaunda mashua mwenyewe. Ilikuwa nyepesi, pana, bapa chini.

"Mama Rahima, hii itakubeba kama kitanda," alisema kwa fahari.

Wakaijaribu karibu na bandari. Mawimbi yalikuwa madogo, lakini mashua ilirukaruka kama mbuzi.

"Shusha tanga!" Mwanawetu alipiga kelele.

Uthman akashusha. Mashua ikazidi kuyumba. Mwanawetu alirudi nchi kavu amebebwa.

"Basi," alisema. "Mwanangu atanisamehe."

Uthman alimfunika khanga. Moyo ulimuuma sana.

Jirani yao Oloo alikuwa seremala wa meli zamani, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Alipopata habari, alikuja mbio.

"Mzee Uthman, wewe unajua magari. Maji niachie mimi. Leta beseni!"

Alijaza beseni maji. Akaweka sahani ya bati ielee, na kopo la samli lililotiwa mchanga. Kisha akakoroga kwa upawa.

"Ona sahani. Iko pana, iko nyepesi. Wimbi napanda, yenyewe napanda. Wimbi nashuka, yenyewe nashuka. Haraka haraka! Kupinduka ni ngumu, lakini tumbo ya mama inaumia. Sasa ona kopo. Iko nzito, imeingia chini. Nainama pole, narudi pole."

"Mimi nilitaka asiogope," Uthman alisema kwa sauti ndogo.

"Kupenda ulipenda, ssebo. Ni mbao ndiyo ulikata vibaya. Na wewe mama, ulikaa wapi?"

"Mbele kabisa, nipate upepo."

"Yii! Mbele inapanda na kushuka sana. Kaa katikati, chini. Angalia mbali, nchi kavu. Na tanga usiteremshe bure. Upepo wa kawaida, tanga nashika mashua isiyumbe. Upepo ikiwa kali, punguza tanga. Ikiwa kali sana, usitoke nyumbani."

Mwanawetu akakubali kujaribu tena, wakasafiri wote watatu kwa mashua aliyoiunda Oloo zamani. Ilikuwa ndefu, nyembamba, nzito, yenye tumbo la kina. Magunia yalipangwa katikati kuipa uzito, naye Mwanawetu akaketi hapo hapo. Katikati ya ziwa mawimbi yakaja. Mwanawetu alifungua kinywa aseme, "Shusheni tanga!" Akajizuia. Alivitazama vilima vya kisiwa. Mashua iliinama polepole, ikarudi polepole.

Baadaye alimgusa mumewe.

"Uthman, nasikia njaa."

Uthman alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wallahi, sijaona mtu anafurahi mke kuwa na njaa," alisema Oloo. "Na bei ya muhogo hii!"

Mwanawetu alishuka kisiwani kwa miguu yake. Rahima alipojifungua, mama yake alikuwa pale. Alimkanda, akampikia uji, akampakata mjukuu mpaka mikono ikafa ganzi.

Waliporudi Kisenyi, Uthman aliibomoa mashua yake. Kwa mbao zake akatengeneza kitanda kipana.

"Nilikwambia kitanda," alisema. "Nilidanganya?"

Uthman ameshatangulia mbele ya haki. Wajukuu humwambia bibi yao anunue kitanda kipya, hiki kimezeeka. Mwanawetu hakubali. Hulala kando ya ukuta, upande wake wa siku zote. Na kila asubuhi hutandika pande zote mbili.