Viriba vya Uzi Mwekundu

Siku Wilbroad alipomwona Milembe kwa mara ya kwanza, stendi ya Bariadi ilikuwa imefurika abiria, naye binti ameinamia ndoo ya muuza juisi, akichambua kokwa za ukwaju. Gauni lake la kitenge, kazi ya cherehani yake mwenyewe, lilimkaa sawasawa.

"Hizo zimekwisha kuchemshwa, dada. Haziwezi kuota," alisema Wilbroad, afisa misitu mwenye sare, aliyehamia kutoka Rombo.

"Zimelowekwa tu, afisa. Kwetu Usukumani mwanamke ndiye apigaye magoti kusalimia. Zikiota, utapiga wewe."

Zikaota arobaini. Wilbroad akapiga magoti barazani kwa Milembe, mbele ya viriba, vifuko vya kuoteshea miche ambavyo binti huyo alivishona kwa magunia ya pamba na uzi mwekundu, akamwomba amwoe. Waliafikiana kwamba siku ya ndoa miche hiyo wangeipanda kuzunguka kiwanja chao. Kwa miezi sita Milembe aliimwagilia kila alfajiri, na kila jioni simu ya Wilbroad ilimuuliza, "Watoto wetu wamekunywa maji, mpenzi?"

Mwanzoni mwa Agosti Milembe alikwenda Mwanhuzi kumuuguza mama yake, akamwachia mchumba ufunguo. Aliporudi, baraza lilikuwa tupu. Jirani alimweleza kwamba Wilbroad aliipakia miche garini, akaelekea viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Nyakabindi.

Aliikuta huko, chini ya kibao chenye jina la Wilbroad peke yake. Mgeni rasmi alikuwa akiuliza ni nani aliyebuni viriba vile.

"Ni ubunifu wangu, mheshimiwa," alijibu Wilbroad, na hapo macho yake yakakutana na ya Milembe.

Mgeni akageuka. "Na huyu?"

"Huyu ni mshonaji wangu tu."

Mapenzi huvumilia mengi; kukanwa hadharani si mojawapo. Jioni simu iliita mara tisa. Ya kumi Milembe akaipokea. Wilbroad alieleza habari za cheo, za wakubwa, na aibu ya kukiri kwamba afisa amefundishwa na fundi cherehani.

"Nilighafilika, mpenzi."

"Irudishe miche yangu."

Jumamosi aliirudisha yote, akaipanga barazani, kisha akapiga magoti palepale pa mwanzo. Milembe aliingia ndani, akatoka na suti ya harusi aliyomshonea Wilbroad, imepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake.

"Kaijaribu kwako," alimwambia. "Mshonaji wako amemaliza kazi."

Kisha akalichukua kopo la maji. Miche ilikuwa imenyauka kwa kiu.