Macheo ya Chumba cha Mama

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita ndani."

Kamera alikuwa koridoni, mswaki mdomoni na macho bado mazito kwa usingizi, aliposikia sauti ya mama yake ikiitikia salamu hiyo nyuma ya mlango. Akafurahi. Leo mke wangu kawahi kumwamkia mama, akawaza. Alipoingia jikoni kutema povu, akamkuta mkewe kasimama hapo hapo, anasubiri maji yachemke.

"Umeshamwamkia mama?"

"Bado. Nasubiri maji yake ya kuoga. Kwani vipi?"

"Nimemsikia anaitikia shikamoo."

"Labda ameota," mkewe akasema. "Mtu akilala kutwa kucha, ndoto na kuamka vinachanganyika."

Wakaliacha hapo.

Kamera ni jina la kupachikwa na mtaa, na mwenyewe alishalizoea hata mama yake alipomwita kwa jina la kuzaliwa alichelewa kugeuka. Alipiga picha za harusi, za pasipoti, na za watoto wa chekechea waliovishwa majoho yanayowaburuza. Kilichompa sifa, lakini, ni picha za jua. Ukiingia saluni, ukienda kung'olewa jino, ukutani utakuta jua la Kamera, jekundu, linazama nyuma ya minara ya simu au matangi ya maji. Kuzama tu. La kuchomoza hakuwa nalo hata moja, maana alilala usingizi wa pono. "Wewe na alfajiri hamjawahi hata kutambulishwa," mkewe alizoea kumtania huku akikanyaga cherehani yake sebuleni.

Mama, kwa upande wake, alikuwa mwokaji mikate. Tangu ujana wake jua lilimkuta amesimama mlangoni mwa tanuri, kanzu imejaa unga, trei za kwanza zimeshatoka. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, naye akahamishiwa kwa mwanawe, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Hakulalamikia chakula wala dawa. Aliomba kitu kimoja.

"Baba, wewe si unapiga majua? Nipigie la asubuhi. Uniwekee hapa mbele yangu. Nimechoka kuamka mbele ya ukuta."

"Nitakuletea, mama. Kesho tu."

Kesho hiyo akalala. Na ya pili akalala. Ya tatu aliamka, akatoka hadi mlangoni, akakuta baridi, akarudi kitandani. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na alilicheka peke yake kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Nani anaweza kutofautisha jua linalopanda na linaloshuka kwenye picha? Hata maneno yenyewe, macheo na machweo, yametengwa na herufi moja.

Basi jioni moja akaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, nje kidogo ya mji. Shimo lilikuwa pana, kuta zake zimekatwa ngazi ngazi, na jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kuufikia ukingo, duara kamili. Mlinzi wa pale alimruhusu aingie, lakini alimsimamia kama anayesubiri mteja wa mwisho atoke afunge duka.

"Kaka, likigusa ukingo tu, funga begi lako tuondoke."

"Kwa nini?"

"Wenyewe wanarudi nyumbani saa hizi."

"Wenyewe kina nani? Si mlifunga?"

"Sijawahi kuwauliza," mlinzi akasema, na hakutabasamu.

Kamera akacheka, akapiga, akaendelea kupiga hata jua lilipogusa ukingo. Ile nzuri kuliko zote akaichapisha kwenye turubai, kubwa kama mlango, na kwenye kona ya chini akaandika kwa mkono wake: *Macheo*. Walipoitundika mbele ya kitanda, mama alilia.

"Hili ndilo," alisema. "Hili ndilo jua langu. Kumekucha, karibuni."

Na tangu siku hiyo, kila akifumbua macho, akawa anaikaribisha picha ile kwa maneno hayo hayo. Asubuhi ile Kamera alipomsikia akiitikia shikamoo, picha ilikuwa na siku chache tu ukutani.

Wiki haikuisha kabla mkewe hajakung'uta shuka la mama akaona vumbi linaanguka, vumbi jeupe la jiwe, lenye chembe zinazokwaruza kiganja. "Chumba cha mama kinanuka, mume wangu," alimwambia Kamera. "Si harufu ya mgonjwa. Kinanuka jiwe lililokaa juani kutwa, halafu likamwagiwa maji." Kamera akalaumu ukuta wa jirani. Kisha zikaja sauti: nyundo ndogo, ko, ko, ko, kama mtu anayepasua kokoto taratibu bila haraka ya kumaliza, ambazo zilikoma mara tu ukigusa kitasa.

Mkono wa mama nao ukaamka. Siku moja walimkuta anajichana nywele kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa umekufa, na wakashangilia, na daktari naye akasema mazoezi yanalipa. Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kushangilia. Aliushika mkono ule kuukata kucha, na jioni akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango.

"Hebu kaushike. Una moto. Na kiganja kimekuwa kigumu, kina sugu. Mama amekuwa kitandani karibu mwaka, hizo sugu kazipata wapi?"

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema chochote. Nataka ukaushike tu."

Hakwenda kuushika. Alikwenda kuitazama picha, wakati mama amelala. Alikumbuka vizuri kwamba alipiga duara kamili. Sasa jua lilikuwa nusu. Akafungua kompyuta yake, akaiona picha ile ile, duara zima limekaa juu ya ukingo. Akarudi chumbani, nusu. Akafuta macho. Alipotazama tena aliona kwamba zile ngazi za mawe, ambazo zilikuwa tupu, zina madoadoa meusi, na madoadoa yale yalikuwa yameinama kidogo, kama watu wanaotembea na mzigo begani.

Hakumwambia mkewe. Akasema moyoni ataitoa kesho, na kesho akaona haya, kwa jinsi mama alivyokuwa na furaha.

Kilichomvunja ni jioni moja, giza likianza kuingia, yeye na mkewe wakiwa sebuleni, cherehani imenyamaza, waliposikia sauti ya mama, nyembamba kama ya binti aliyeitwa mbele ya wakubwa.

"Shikamoo."

Wakatazamana. Katika nyumba ile, katika mtaa ule wote, hakukuwa na mtu wa kupewa shikamoo na mama.

"Anamwamkia nani?" mkewe akanong'ona, kidole chake kimeshika sindano na hakuhisi kwamba imemchoma.

Kamera akainuka, akatembea koridoni akifuata mstari mwekundu uliokuwa unatoka chini ya mlango na kulala sakafuni kama maji, akasikia ndani hatua za miguu mingi, miguu iliyochoka, inayoburuzwa, ikiingia mmoja baada ya mwingine bila kwisha, na harufu ya jiwe la moto ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na alipousukuma mlango alimwona mama yake ameketi wima kitandani, uso wake mwekundu kwa mwanga uliotoka pichani, ambako jua lilikuwa limebaki kipande chembamba kama ukucha, na pembeni yake godoro lilikuwa limedidimia sana, limedidimia kwa uzito wa mtu ambaye hakuwepo, na mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, umeshikwa, unatikiswa polepole na kitu kilichokuwa kinamsalimia na hakikutaka kuuachia.

"Funga mlango, baba," mama alisema bila kumtazama. "Unawaingizia baridi."

Kabla ya usiku kuwa mzito, mganga alikuwa ameletwa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa begani, na hakutaka kuketi. Alisimama mbele ya picha, akanusa, akasoma neno la konani.

"Umeandika macheo."

"Ndiyo, bibi."

"Na ni macheo?"

Kamera akamtazama mkewe. Mkewe hakujua. Mama alikuwa macho, anasikiliza.

"Nakuuliza wewe uliyepiga. Jua hili lilikuwa linakwenda wapi?"

"Lilikuwa linazama," alisema. "Nilipiga jioni. Nilimdanganya mama."

Mganga akavua miwani. "Kuna majini ambao jua likizama wanarudi kwao na likichomoza wanatawanyika. Hawana shida na mtu. Wewe umeutundika mlango wao wa kurudia ndani ya nyumba yako, na kila siku mama yako anawaambia kumekucha, karibuni. Sasa wamekuja kukaa. Jua la hapo likimalizika, hawatoki tena. Picha irudi ilikotoka kabla ya jua kuchomoza, na aliyewakaribisha awaage kwa mdomo wake."

Wote wakamgeukia mama.

"Kwa hiyo halikuwa la asubuhi," alisema.

"Nisamehe, mama. Nilishindwa kuamka."

"Mimi niliamka alfajiri kwa ajili yako miaka mingapi? Tanuri hilo lilikusomesha." Akautazama mkono wake wa kulia, akafungua vidole na kuvifunga. "Hawa wamenisalimia kila siku. Wewe ulikuwa unapita na mswaki wako."

"Mama, tafadhali," mkewe akasema, analia. "Waage."

Mama akageuza uso ukutani. "Haya. Nendeni," alisema, kama mtu anayetema kitu, na mkono ukaanguka kwenye shuka, ukalala kama zamani.

Kamera akaibeba picha mgongoni hadi machimboni, mbingu ikianza tu kupauka. Akailaza juu ya jiwe. "Haya ni machweo," akasema, meno yakigongana. "Niliandika uongo. Kwenu ni hapa." Hewa ikapata joto, kisha wakampita, huku na huku, vumbi lao likimpaka mashavu, hatua nyingi zilizochoka zikishuka ngazi za mawe hadi chini shimoni, zikaisha. Turubai ikabaki ya kijivu, haina jua, haina kitu. Kamera akapiga magoti akalia kama mtoto.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Shuka lilikuwa safi. Mganga akaugusa mkono wa mama, akaukuta baridi na laini, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Mama akashinda ameugeuzia uso ukuta.

Kesho yake Kamera aliamka bila kuamshwa. Wakamvika mama sweta, wakamketisha kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma hadi uwanja wa mpira mwisho wa mtaa, mahali palipo wazi. Alitaka kumlipa. Alitaka picha moja, mama yake ndani ya jua la kweli. Akasimama mbele yake, kisogo kwenye mashariki, kamera jichoni, na mkewe akashika mishikio ya kiti.

Jua likachomoza. Likaupaka uso wa mama dhahabu, na mama akalitazama bila kupepesa.

"Zuri, mama?" Kamera akauliza.

"Linashuka haraka," mama akajibu.

Kamera akadhani hakusikia vizuri. Akainamisha lenzi kidogo, atafute sura nzima ya kiti, na hapo akaona ardhi. Kivuli chake yeye kilikuwa kimelala mbele yake, kikielekea kwa mama, kama inavyopaswa. Kivuli cha mkewe kilikuwa nyuma yake, kimeangukia magharibi, pamoja na vivuli vya magoli na vya miti. Cha mama hakikuwa huko. Kilianzia chini ya magurudumu kikaja mbele, kikielekea jua lenyewe, kana kwamba nyuma ya mgongo wake kulikuwa na jua jingine, la chini sana, ambalo hakuna aliyeliona.

"Mbona hupigi?" mkewe akauliza. "Si unaona alivyopendeza?"

Jua likazidi kupanda, na vivuli vyote uwanjani vikaanza kufupika. Cha mama kikaendelea kurefuka. Kikavuka chaki ya katikati ya uwanja, chembamba, cheusi, hakina haraka, hadi kikagusa ncha za viatu vya Kamera, na kupitia ngozi ya viatu akahisi joto lile la jiwe lililokaa juani kutwa.