Nguzo za Chini ya Ngazi

Zamani, kabla umeme haujafika mitaa ya watu wa hali ya chini, kulikuwa na nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya familia moja tajiri. Tajiri alipohama, msimamizi wake aliikatakata kwa mbao na mapazia, kila chumba kikawa vyumba vitatu, na kila kimoja kikajaa familia nzima. Ukipiga chafya kwako, jirani wa tatu anakupa pole.

Humo aliishi msichana wa miaka kumi na mmoja aliyebandikwa jina la Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama yake alikuwa dobi. Kila asubuhi Chiriku alitafuta kuni za kuchemshia maji ya kufulia, kisha mama akashinda kutwa ndani ya mvuke na povu. Bila moto nguo za watu hazifuliki, na zisipofuliwa hakuna chakula.

Mwaka huo mvua ilinyesha bila kukata, kuni zikaadimika. Ndipo watu walipoanza kuimega nyumba yenyewe. Mlango wa stoo ulitoweka kwanza, zikafuata mbao za kushikilia pembeni mwa ngazi, ubao mmoja leo, mwingine kesho. Wote walijua, na wote walijifanya vipofu. Msimamizi alipogundua, alisimama uani akasema, "Nitakayemkamata na hata kijiti cha nyumba hii, siku hiyohiyo vyombo vyake viko barabarani."

Asubuhi moja Chiriku alirudi mikono mitupu. "Mwanangu," mama alimwambia, "maji yasipochemka leo, nitakulisha nini?"

Chiriku akazunguka nyuma ya ngazi, kwenye giza linalonuka panya na unyevu. Hapo zilisimama nguzo nne za mbao zilizoibeba ngazi na sakafu ya juu. Moja ilikuwa imelegea. Akaitikisa, ikang'oka kama jino bovu. Alijua fika kwamba anaiba, ila alijiambia nguzo tatu zinatosha. Mama hakumuuliza ameitoa wapi. Aliipasua, akaitia motoni.

Baada ya siku chache nyumba ilianza kulalama. Mbao zililia bila kukanyagwa, na vumbi likawa linadondoka kitandani kwa fundi viatu, aliyekaa na mkewe na mtoto wao mchanga katika chumba kilichopakana na ngazi. Fundi mwenyewe alifanya mzaha. "Panya wa juu wamenenepa mpaka wanatembea na viatu," alisema, "na hata viatu vyenyewe hawajaniletea mimi nivishone."

Watu walicheka. Chiriku hakucheka. Alijipenyeza nyuma ya ngazi kutazama. Nguzo zilizobaki hazikuwa tatu. Ilikuwa moja tu, tena imeinama upande. Kumbe wengine nao walikuwa wamepita hapo.

Akisema, yeye na mama yake watalala barabarani kwenye mvua. Akinyamaza, je? Kila siku aliahirisha. Mlango wa fundi ukaacha kufungika, kisha ufa ukatokea darini, nao ulizidi kurefuka kila alipouchungulia.

Siku moja, mvua ilipotulia kidogo, mke wa fundi alimwita. "Chiriku mwanangu, niangalizie mtoto, nakwenda bombani mara moja."

Chiriku akaketi kando ya mtoto aliyelala. Juu yao kitu kikapasuka kwa sauti ndogo, kavu. Vumbi likamwagikia uso wa mtoto, akaamka akilia. Chiriku akamnyakua na kukimbilia uani.

Msimamizi alikuwepo uani, akimgombeza mtu. Chiriku alimwona, lakini akamgeukia mama yake aliyekuwa akifua hapo, akasema mbele ya wote. "Mama, mimi niling'oa nguzo ya chini ya ngazi. Imebaki moja tu, na sakafu inashuka. Watoeni watu ndani."

Mama akaitupa nguo aliyokuwa akikamua, akaanza kuita chumba hadi chumba. Fundi aliacha kiatu na sindano, akapanda juu na kuwateremsha wazee mmoja mmoja, wakikanyaga pembeni mwa ngazi. Bibi wa mwisho alipofika uani, ngazi ikaporomoka, na sakafu ya juu ikaangukia kitanda cha fundi. Mtoto alikuwa bado analia mikononi mwa Chiriku.

"Huyu binti na mama yake waondoke leo," msimamizi alisema.

Fundi akasogea mbele. "Basi nami niondoke. Nguzo ya pili nimeitoa mimi, mtoto wangu alikuwa anakufa kwa baridi. Niling'oa nguzo iliyomlinda mwanangu mwenyewe."

"Na mlango wa stoo ni mimi," sauti nyingine ilisema kwa aibu. Wakajitokeza wengine, hadi msimamizi akaona kwamba akiwafukuza wote atabaki na nyumba tupu. Aliguna, akaenda kuagiza nguzo mpya na maseremala wa kujenga upya ngazi na sakafu. Wapangaji nao walikubaliana kuchangia kuni, na moto mmoja wa uani ukawachemshia wote maji.

Jioni mama alimketisha Chiriku. "Ule mti ulioniletea ulikuwa na misumari, mwanangu. Niliiona, nikajua ni wa nyumba hii, nikanyamaza kwa kuwa nilitaka maji yachemke. Kwa hiyo hukukosea peke yako. Ila wewe umesema ukijua utaadhibiwa, na sisi wakubwa tulisubiri mpaka sakafu ikaanguka. Siku nyingine usingoje. Kosa ukilisema mapema linarekebishika. Yule mtoto angekufa, tungemwambia nini mama yake?"

Chiriku akalia. Mama akamwacha alie, kisha akampa adhabu yake: nepi za mtoto wa fundi atazifua yeye mpaka mtoto ajue kutembea.

Chiriku alizifua zote. Kila alipozianika uani alimsikia mtoto akilia ndani kwao, na kilio kile hakikumkera hata siku moja.