Miti Iliyogoma Kunenepa

Kila asubuhi mama mmoja alifagia chini ya miti yao, nyuma ya nyumba. Majani yote akayakusanya, na mumewe akayachoma. Mume huyo watu walimwita Redio, maana hakuna habari iliyompita. Alikuwa amesikia kwamba hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi, ni chakula cha miti. Basi akailisha moshi.

Mwanzoni miti ilirefuka kweli. Kisha ikagoma kunenepa. Mama aliushika mti mmoja kwa viganja viwili, vidole vikakutana. Mwaka uliofuata vikakutana tena. Miti hiyo ndiyo ingekuwa mbao za paa jipya, na paa la zamani lilivuja juu ya kitanda cha watoto.

Redio akakata tamaa. Akasema ataikata yote iwe mkaa.

Mama akaenda kumwita bibi misitu, mtaalamu wa miti. Yule bibi hakutazama juu. Aliomba jembe, akachimba. Udongo ulikuwa mkavu, umepauka.

"Shemeji, moshi wako hauhitajiki," akamwambia Redio. "Hewa hiyo imeshazidi angani, inatuletea joto na ukame."

"Si ni chakula?"

"Ni chakula. Lakini wewe ukiletewa sinia zima la ugali bila mboga wala tone la maji, utafika wapi?"

"Huyu?" mama akadakia. "Atamaliza sinia, ndipo aulize maji."

Hata Redio alicheka. Bibi misitu akaeleza kwamba majani ya mti huila ile hewa, lakini mizizi hutaka maji na rutuba. Majani yakioza, rutuba hurudi udongoni. Yakichomwa, nyingi hupotea. Na miti ikibanana, hunyang'anyana kidogo kilichopo.

Mama akautazama ufagio wake.

"Baba watoto," akasema, "nipe misimu miwili ya mvua. Nikishindwa, shoka ni lako."

Redio akakubali. Walipunguza miti dhaifu, wakaitumia kuziba paa lililovuja. Majani wakayaacha chini. Majirani wakawacheka kwa uchafu.

Msimu wa pili ulipokwisha, mama aliushika mti uleule. Akanyoosha vidole. Havikukutana. Akajaribu wa pili, na wa tatu, akacheka peke yake hadi mumewe akatoka ndani.

Redio aliweka kiganja chake kwenye ule mwanya kati ya vidole vya mkewe, kikaenea. "Habari niliyoisikia ilikuwa nusu," akasema.

Leo hupita nyumba kwa nyumba akitangaza nusu ya pili. Nawe unayesoma, weka ufagio chini.